Kabla hujamtumia pesa muuzaji wa mashine za mkanda wa chuma

Watu wananitumia meseji, fundi nitajie kampuni nzuri ya mashine za mkanda wa chuma, na mie huwa sitaji jina, nauliza kwanza, huyo unaezungumza nae keshakuuliza nini? Mana bei kila mtu anaweza kukupa, hata aliekaa chumbani kwake na laptopu akakopi picha za watu.

Kwa asiejua, sizungumzii ule mkanda wa mpira wa kubebea mizigo. Huu ni bati refu jembamba la chuma, mara nyingi unene wake haufiki hata milimita moja na nusu, ncha zake mbili zimechomewa zikaungana, linazunguka kwenye puli mbili kubwa. Juu yake unaoka biskuti, au unagandisha samaki na pweza, au unadondoshea kitu kilichoyeyuka kama salfa au nta huku chini yake maji yanapiga, kikifika mwisho kishakuwa kigumu. Kazi hii ilianzia Sweden, mji wa Sandviken, mwaka 1901, na ile idara ya kampuni ya Sandvik iliyokuwa ikiifanya ikaja kuuzwa, toka 2018 inaitwa IPCO. Austria kuna Berndorf Band. Nimewataja si kwa kuwasifu (sijalipwa na mtu), nataka tu ujue kuwa wanaotengeneza mkanda wenyewe duniani ni wachache, na wengi wa hao unaowaona mtandaoni wananunua mkanda kwengine halafu wanajenga mashine. Hilo si kosa hata kidogo. Kosa ni pale unapomuuliza mkanda umetoka wapi akakwambia "high quality" na emoji ya dole gumba. Anaejua kazi atakutajia kiwanda kilichoutengeneza na aina ya chuma, na atakuletea cheti cha 3.1 kwa viwango vya Ulaya vya EN 10204, yani karatasi ya kiwanda inayoonesha chuma hicho kimepimwa kina nini ndani, na namba iliyokuwa kwenye karatasi uikute na kwenye mkanda wenyewe.

Turudi kwenye masuala. Kuna kijana ana kiwanda cha biskuti pale Amani, hapa Unguja, alikuwa anatafuta oveni ndefu, akawa anazungumza na wauzaji wawili kwa Whatsapp. Mmoja kamtumia invoisi kabla chai haijapoa. Mwengine kamtumia fomu kurasa kadhaa. Akaja kwangu kakasirika.

"Ami, huyu wa fomu ananichosha, masuala yake kama ya afisa uhamiaji. Mwenzake keshanipa bei tangu jana."

"Huyo wa bei keshakuuliza donge lako lina siagi kiasi gani?"

"Hajauliza."

"Na umeme wako?"

"Hajauliza ami, lakini bei yake nzuri."

"Sasa mwanangu, hiyo bei ni ya kitu gani?"

Mana biskuti laini zenye siagi na sukari nyingi zinakaa vizuri kwenye mkanda wa bati zima, lakini zile kavu za chumvi zinataka mkanda wa wavu ili mvuke utoke kwa chini, ukiziweka kwenye bati zima zinavimba ovyo ovyo. Muuzaji asiejua unaoka nini hajui anakuuzia nini. Wa uhakika zaidi wanakwambia watumie sampuli, wanaijaribu kwenye mashine yao ndogo kisha wanakutumia video na vipimo, joto kiasi gani, mkanda umekwenda kasi gani, umekaa dakika ngapi. Ukipata wa hivyo muweke karibu hata kama bei yake inauma.

Sasa kuna hesabu moja ambayo inafichua matapeli na kila mtu anaweza kuifanya na simu yake. Mkanda ukipita kwenye puli unapinda, ukitoka unanyooka, na chuma kikipindwa na kunyooshwa mara nyingi kinachoka mwisho kinapasuka. Kinachoamua kitachoka lini kwa sehemu kubwa ni unene wa mkanda ukiulinganisha na kipenyo cha puli, mafundi wanakwenda na kanuni ya moja kwa elfu, mkanda wa milimita 1 upate puli ya kipenyo cha milimita 1000 hivi. Kwaio mwambie muuzaji akupe namba mbili tu, unene na kipenyo. Nshaona mchoro wa mashine mkanda milimita 1, puli milimita 400! Mkazo wa kupinda hapo umepanda mara mbili na nusu kuliko ungekuwa kwenye puli ya mita moja. Kwa nini wanafanya hivyo, kwa sababu puli ndogo ni rahisi, fremu inakuwa fupi, kontena linatosha, na bei inapendeza. Utakaelipia ni wewe.

Na usidanganyike kuwa mashine ndogo haichoki. Chukua mkanda mfupi wa kupozea, mzunguko wake wote mita 12, unakwenda mita 20 kwa dakika. Kwa saa moja umezunguka mara 100, kila mzunguko unapinda mara mbili, kwa kazi ya saa 8 hizo ni mara 1,600, na ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka ni mara 480,000. Oveni ndefu mkanda wake wa mita 60 unaokwenda mita 10 kwa dakika, kwa masaa hayo hayo haufiki hata elfu hamsini. Mashine ndogo ndo inayotaka puli ya maana kuliko kubwa, na watu wanafikiri kinyume chake.

Umeme. Hapa ndo namjua muuzaji alieuza visiwani na asiewahi. Sisi tunategemea waya wa chini ya bahari, Unguja unatoka Ras Kiromoni unapandia Fumba, Pemba unatoka upande wa Tanga toka 2010, na sidhani kuna mtu mzima Unguja alieisahau ile miezi mitatu ya giza ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Saivi hali ni afadhali sana lakini kukatika kunakatika. Sasa mkanda wa oveni umo kwenye moto wa digrii mia mbili na kitu, umeme unakata, mkanda unasimama, sehemu iliyo ndani inazidi kupikwa na iliyo nje inapoa, bati linajikunja mawimbi na halirudi tena, ukiuwasha unaanza kwenda upande. Kwaio suala lenyewe: umeme ukikatika mkanda unazungukaje? Jawabu inayotakiwa ni mota ya akiba yenye betri au jenereta inayojiwasha yenyewe, au angalau mkono wa kuzungushia. Akikwambia upo usitosheke, mwambie azime swichi kuu mbele ya kamera auzungushe kwa mkono uone. Muulize pia mkanda ukitanuka kwa joto unakwenda wapi, mana mita 30 za mkanda wa chuma cha kaboni ukizipandisha joto digrii 200 zinarefuka kama sentimita 7, lazima puli ya upande mmoja iweze kusogea, kwa uzito au kwa springi au kwa haidroliki. Akishangaa suala lenyewe, muage kwa heshima.

Chumvi nayo. Kwa oveni, mkanda wa chuma cha kaboni unafaa, unashika joto vizuri, ila ukisimama wiki nzima msimu wa masika bila kupakwa mafuta yanayokubalika kwenye chakula utaukuta mwekundu. Kwa pweza na samaki ni stenlesi tu, na hapo watu wanasikia stenlesi wanafikiri basi wamemaliza. Ile aina ya stenlesi inayoitwa 304, kwa hewa yetu ya pwani na maji ya chumvi inafanya vijitobo vidogo vidogo, huvioni vizuri kwa jicho, na ufa unaanzia kwenye kijitobo. 316 ina molibdeni inavumilia zaidi, na kuna nyengine ngumu zaidi zilizotengenezwa makusudi kwa mikanda. Muuzaji mzuri atakuuliza maji ya kupozea ni ya wapi. Wengi wetu tunatumia kisima, na visima vya karibu na pwani vina chumvi, unakuja kuyapiga maji hayo chini ya mkanda kutwa. Na atakuuliza unaoshea nini, ukimwambia Jiki atapiga kelele, na ana haki, klorini na stenlesi hazipatani.

Halafu naomba tuiache hii tabia ya sumaku. Fundi anakuja na sumaku mfukoni, ikinata anasema umepigwa hii si stenlesi. Kwa mkanda sumaku haikwambii kitu. Stenlesi ya mkanda imebanwa baridi baridi mpaka ikawa ngumu, na kubanwa huko kunaifanya ivute sumaku kidogo, na zipo aina za mikanda ambazo ni stenlesi halali na zinanata kabisa. Kuna mkandarasi mmoja alitaka kurudisha mkanda mzima kwa sababu ya sumaku ya spika. Kinachosema kweli ni kile kipimo cha mkononi cha miale kinachosoma madini yaliyomo, au cheti.

Sasa suala langu la mwisho kwa muuzaji, na kwangu mie ndo linaloamua: ukipasuka ataushona nani? Mana utapasuka, sio kama labda. Kiwanda kimoja hapa kisiwani (sikitaji) mkanda wao ulifanya ufa pembeni, urefu wa kidole tu, wakamwita fundi wa mageti, mtu hodari kwa mageti wallahi, akaukaanga na elektrodi ya kawaida. Nilikwenda kuutizama, pale palipochomwa bati limenyanyuka kama kipele, kisu cha kukwangulia kikipita kinaruka na kugonga, na ufa ushatoka tena upande wa pili wa weldi. Mkanda huchomewa kwa TIG (weldi ya umeme inayokingwa na gesi) na argoni, kwa utaratibu wake, mara nyingi unakatwa mduara ufa wote unatoka kinatiwa kiraka cha chuma kile kile, kisha panasagwa mpaka pawe sawa na bati na pananyooshwa kwa kugongwa pole pole. Fundi wa hivyo mara nyingi anatoka nje, tiketi yake, hoteli yake, siku zake, vyote juu yako. Kwaio muulize mapema, fundi wenu wa karibu yuko wapi, Nairobi, Dubai, au kwenu huko huko? Siku moja bei gani? Mtamfundisha mtu wangu viraka vidogo wakati wa kufunga mashine? Anaekubali hilo la mwisho na kuliandika kwenye mkataba namuamini kuliko mwenye vyeti ukuta mzima.

Akikupa namba za wateja wake usiombe wa mwaka jana, mashine ya mwaka jana kila mtu anaisifu. Omba mwenye mashine ya miaka mitano sita, na ukipiga usizungumze na bosi, omba fundi wa zamu. Bosi atakwambia tunashukuru, fundi atakwambia beringi zipi zinakufa na spea zinachukua muda gani kufika.

Pesa ntapita haraka. Usilipe zote mwanzo, bakisha sehemu ya kulipa baada ya kuiona inafanya kazi kiwandani kwao na nyengine baada ya kuiwasha hapa. Akaunti ya benki iwe kwa jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, ikibadilika katikati kwa barua pepe simamisha kila kitu upige simu kwa namba uliyokuwa nayo mwanzo. Na bei ya kufikisha tizama inaishia wapi, wengi wanaandika Dar es Salaam wakidhani wameshafika, na toka Dar mpaka bandari yetu ya Malindi hapa Unguja kuna gharama zake, Mkoani au Wete kule Pemba zaidi.

Kijana wa biskuti saivi kabaki na yule wa fomu, wanavutana juu ya kipande cha mkanda wa akiba kwa ajili ya viraka. Muuzaji anasema atakileta ukihitajika, kijana nishamwambia akatae, kikatwe kwenye roli moja na mkanda wenyewe na kije ndani ya kontena hilo hilo.