Kutoka Malindi Hadi Mathare, Kuufuata Mto

Kwetu Malindi, mvua kubwa ikinyesha bara, bahari hugeuka rangi ya udongo. Ni maji ya Sabaki hayo, na Sabaki huanzia mbali: Mto Mathare huingia Mto Nairobi, Nairobi ukaingia Athi, Athi ukakutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha ndio huo Sabaki wetu. Kwa hiyo rafiki yangu aliponiambia kuna vijana Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, wanachora ukuta kuhusu mafuriko, nilikata tiketi ya basi la usiku.

Tsavo tulivuka abiria wengi wamelala. Asubuhi nikapanda matatu ya Barabara ya Juja, nikashuka na kuteremka kwa miguu bondeni. Sehemu kubwa ya Mathare ni machimbo ya mawe ya zamani. Vichochoro ni vyembamba, mteremko mkali, na maji yakishuka huwakuta wa chini.

"Maji ilifika hapa," binti mmoja mwenye brashi aliniambia, akiunyoosha mkono juu ya kichwa chake. Alikuwa akisema habari za Aprili 2024. Mkono ulipoishia palikuwa na mstari wa buluu, uliopigwa kwenye kimo kilekile. Chini yake vilielea godoro, sufuria na begi la shule lililofunguka, madaftari yakivuja wino. Juu ya mstari, watu wamesimama kwenye mabati, wakimulika kwa simu. Mwenzake alikuwa akichanganya nyekundu, manjano na buluu ndani ya kopo, akiupata na kuupoteza ule ukahawia wa mto, mpaka akaridhika.

Afrika nzima huchangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa duniani, ile inayoipasha dunia joto na kuzidisha mvua kubwa. Hawa vijana hawana kiwanda wala gari, na bado deni limewafikia mlangoni. Baada ya mafuriko serikali iliamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, nyumba zikabomolewa. Ndiyo maana naona wana haki ya kuutumia ukuta kusema, kwa sauti kubwa wanavyotaka.

Alasiri shosho mmoja alisimama akautazama mchoro kwa muda.

"Mmechora vizuri, wajukuu. Sasa maji ikikuja usiku, tutatorokea wapi?"

Ubishi ukazuka. Wengine walitaka mshale uelekee kichochoro kifupi zaidi, lakini kijana anayesukuma mkokoteni wa maji akakataa: kile kina geti, na usiku hufungwa. Yeye anavijua vyote. Wakakubaliana na njia ndefu iliyo wazi mpaka Barabara ya Juja, wakapiga mshale wa manjano mpana, uonekane hata kwa tochi ya simu.

Mshale mmoja haukutosha. Wakabeba makopo na ngazi, kona baada ya kona, wakiwaomba wenye kuta ruhusa. Mama muuza mandazi hakungoja kuombwa. Alisogeza meza yake mwenyewe, akawaonyesha pa kuchora.