Likopodia za Kasulu: kielelezo cha tano

Mvua zilinizuia wiki mbili, ila jana nimebandika kielelezo (mmea mkavu wa kuhifadhiwa) cha tano cha likopodia, kundi la mimea isiyotoa maua, nacho kimenifurahisha kuliko vyote. Ni Lycopodiella cernua, kutoka ukingo wa barabara unaochuruzika maji. Kwa mbali utadhani ni mche wa msonobari, urefu wa goti. Ukiinama, unaona kila ncha ya tawi ina koni ndogo kama punje ya mchele, imeangalia chini. Ndiyo maana ya hilo neno cernua. Niligusa moja ikaniachia vumbi la njano kidoleni. Hizo ni spora, yaani chembe za uzazi, kwani mmea huu hautoi ua wala mbegu.

Mzee mwenye shamba la jirani, baada ya shikamoo, aliniuliza, "Mwalimu, hiyo inatibu nini?" Nikamwambia naikausha tu na kuandika ilikoota. Akanipeleka mwenyewe hadi kwenye chemchemi ambako ipo tele.

Kielelezo cha tatu kimeharibika. Nilikaa siku tatu bila kubadilisha magazeti ninayokaushia mimea, ukungu ukaingia. Sasa nabadilisha kila siku, na lebo naandika kwa penseli palepale porini, maana wino ukilowa husambaa. Bila lebo, mmea mkavu ni majani makavu tu.

Jioni napitia kumbukumbu za hebaria (makusanyo ya mimea mikavu) kwenye GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe iliyo mtandaoni, na utamu wa kazi uko hapa. Mmea huuhuu Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita Lycopodium cernuum mwaka 1753, na leo wengine wanauita Palhinhaea cernua. Ukitafuta kwa jina moja, kumbukumbu zilizoandikwa kwa mengine zinaweza kukupita. Tena mkusanyaji akigawa mmea mmoja, kipande hebaria ya Nairobi na kingine ya Kew, Uingereza, unaona kumbukumbu mbili. Namba ambayo mkusanyaji huupa kila mmea anaochukua ndiyo inayokuamsha kwamba ni tukio moja, kwa hiyo naiangalia kabla ya kuhesabu chochote.

Ugumu ni mahali. Lebo ikisema "Buha, 4000 ft" na basi, futi nageuza kuwa mita 1,220 hivi, lakini Buha ni nchi nzima ya Waha! Siweki nukta moja kwenye ramani nikajidanganya. Nachora duara pana na kuandika upana wake.

Jumamosi narudi kwenye chemchemi ya mzee na GPS, magazeti makavu na penseli mbili.