Kalamu Tano za Mchi wa Bibi

Jumapili, saa tatu usiku. Nimenawa mikono mara tatu na bado weusi wa mpingo umo ndani ya kucha. Leo nimempelekea mama kalamu yake. Kabla sijalala nataka niandike ilivyokuwa, maana wiki mbili hizi kazi imenikaa moyoni kuliko nilivyotarajia.

Kalamu nimekuwa nikizikereza kwa mashine kwa muda sasa, nyingi kwa mabaki ninayopewa na wachongaji wa vinyago wa Mwenge, hapa Dar: vipande wanavyovitupa baada ya kutoa kinyago, ambavyo kwangu vinatosha kabisa. Kalamu nyembamba ya kuzungusha inahitaji kipande cha sentimita 13 hivi kwa upana wa sentimita mbili. Kununua gogo zima la mpingo kwa ajili ya kalamu siwezi kujiruhusu. Mti huu huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na wanaoufuata hadi huku kwetu ni watengenezaji wa klarineti na obo za Ulaya. Kule Kilwa, mwaka 2009, wanakijiji walipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao ya asili wanayoisimamia wenyewe. Habari ile ilinifurahisha sana, kwa sababu mimi ni mtoto wa Nachingwea na nimekulia kwenye nyumba ambamo mpingo ulikuwa mti wa jikoni.

Mchi wa bibi ulikuwa mpingo. Alitwangia mahindi, alitwangia makopa, na alipofariki mama akaja nao Dar ukiwa umefungwa kwenye mkeka. Mwaka jana ukapasuka kwa urefu, ufa ukatoka chini hadi karibu na nusu. Ulikaa nyuma ya mlango wa jiko hadi siku mama aliponiambia, "Chukua wewe, mwanangu. Nikiuacha hapa iko siku mtu ataukokea moto."

Sikuukata siku hiyo wala wiki iliyofuata. Nilianza na kibanzi tu kilichojitenga penye ufa, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikaenda chini moja kwa moja kama jiwe. Mpingo ni mzito kuliko maji, nalijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile nilibaki nimeinamia ndoo nikiwaza mikono iliyounyanyua mti huo asubuhi na jioni miaka yote ile.

Nilipata vipande sita vizima. Kila kimoja nikakiandika kwa chaki kilitoka sehemu gani ya mchi.

Kutoboa ndiko kulikonigharimu. Keekee ni ya milimita 7, na mpingo hautaki haraka: ikizama kidogo unaitoa, unapuliza unga, unaiacha ipoe, unarudi. Kipande cha kwanza niliking'ang'ania. Nilihisi chuma kimepata moto, nikajiambia bado kidogo tu, nikasikia "ta!" Ufa mwembamba kama unywele, toka mwanzo hadi mwisho. Niliketi chini. Kipande kile sikukitupa, nimekiweka kwenye kopo juu ya rafu. Vingine vitano nilivitoboa kwa siku mbili nzima.

Ndani ya tundu unaingia mrija wa shaba ya njano, na hapo mpingo una tabia nyingine. Una mafuta yake ya asili, kwa hiyo gundi inaweza kukuachia miezi baadaye kalamu ikiwa mfukoni mwa mtu. Nafuta tundu kwa spiriti, naukwaruza mrija kwa msasa, natumia ile gundi ya tyubu mbili zinazochanganywa, halafu naacha usiku kucha. Asubuhi nasawazisha ncha hadi shaba ionekane, navipanga kwenye mandreli, ile fimbo ya chuma inayozungushwa na mashine, pamoja na bushi zake, yaani pete za kupimia unene, navaa barakoa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, hili silifanyii mzaha.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nizime mashine.

Sehemu ya katikati ya mchi, pale bibi alipokuwa akishika, palikuwa na mng'ao. Si wa vanishi, hakuna aliyewahi kuupaka kitu. Ni viganja, jasho, na mafuta kidogo ya jikoni. Kipande nilichokitoa hapo kilikuwa bado na upande mmoja wenye mng'ao huo. Patasi ilipogusa mara ya kwanza, ukaondoka. Sekunde moja. Chini yake mti haukuwa mweusi, ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na maranda yalianguka juu ya viatu vyangu laini kama unga. Nilizima mashine nikatoka nje, nikasimama chini ya mwembe wa jirani muda mrefu.

Niliporudi nilikuwa nimeamua kuhusu kumalizia. Wengi siku hizi wanapaka supaglu, tabaka nane au kumi, kisha wanaing'arisha hadi kalamu inakuwa kama kioo. Nami nafanya hivyo kwenye mti wa mwembe, kwa kuwa unanyonya jasho na kuchafuka haraka, unahitaji ngao. Kwenye mpingo naona ni kuuonea. Ukiishika kalamu ile unashika plastiki, mti umefungiwa ndani.

Kwa hiyo nilitumia msasa tu, kutoka mkali hadi laini: 220, 320, 400, 600, mashine ikienda taratibu ili mti usipate joto na kuchanika. Baada ya kila msasa nasimamisha mashine na kusugua kwa urefu, kufuata nyuzi, mpaka mistari ya duara ipotee. Kalamu moja ilikuwa na mstari mwembamba wa mti mweupe wa nje, na vumbi jeusi liliuingia ukawa kijivu. Ilinibidi nilitoe kwa brashi kavu, kidogo kidogo. Mwisho nta ya nyuki kwenye kitambaa cha pamba. Nta hiyo itaisha baada ya miezi michache, najua. Kitakachofuata ni kazi ya mkono wa mwenye kalamu.

Mbili ni za mama wadogo, moja ya kaka, moja yangu. Ya mama ni ile ya katikati ya mchi.

Leo nimemkuta Mbagala, barazani, daftari la kikoba, kikundi cha kuweka akiba, likiwa mapajani. Nimemwamkia, ameitikia bila kuinua macho, alikuwa anajumlisha. Nilipomweka kalamu mkononi alinyamaza. Akapitisha kidole gumba juu yake, mara moja, mara mbili.

"Hapa ni pa wapi? Pa kwenye kinu au pa mkononi?"

"Pa mkononi, mama."

Akaizungusha, ncha ikatoka. Akarudi kwenye daftari, akatafuta mstari wenye jina lake, akaandika hisa tatu.