Nyaya tulizochoma Dar, nyaya ninazochuna Ohio

Watu wa nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani huku Columbus, Marekani, nawajibu "kiwandani", yanaishia hapo. Ukweli ni kwamba niko yadi ya skrepa. Kuanzia saa moja asubuhi nimesimama mbele ya meza ya bati, kisu mkononi, nachambua nyaya za kopa, yaani shaba.

Nilipoajiriwa nilijiona fundi tayari. Mimi na mdogo wangu tumekulia Dar es Salaam, na nyaya tulizochoma kwenye kibonde cha nyuma ya nyumba sijui zingejaza lori ngapi. Plastiki inaungua, mama anafoka kwa sababu ya moshi, kopa inabaki, jioni tunakula chipsi mayai. Kwa hiyo siku ya tatu nikamuuliza mzee ninayefanya naye kazi: mbona tunahangaika kuchuna mmoja mmoja, kiberiti si kipo?

Mzee huyu ni Mkongomani wa Lubumbashi, na baba yake alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kwao shaba si mchezo. Tangu 1971 hadi 1997 jimbo lao la Katanga lilikuwa linaitwa hivyohivyo, Shaba. Hakunijibu. Alikwenda kwenye pipa la mwisho, akarudi na waya ulioungua, akaukunja mara mbili. Ukakatika kama tambi kavu.

"Mudogo yangu," akasema, "moto inakula falanga." Falanga kwao ni hela.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. Wenzetu huku wameipa kila shaba daraja na jina, majina yaliyobaki tangu enzi za telegramu, wakati kila neno lilikuwa linalipiwa. Barley ndiyo ya juu: waya uliochunwa, mtupu, haujapakwa kitu, unang'aa kama umetoka kiwandani leo, na usiwe mwembamba kuliko geji 16, yaani kama milimita 1.3. Waya huohuo ukiuacha nje unyeshewe hadi uwe wa kahawia, unashuka kuwa Berry. Ni shaba safi bado, ila mng'ao umekwenda, na hela kidogo imekwenda nao. Mabomba safi na vipande vizito ni Candy. Kisha kuna Birch, daraja la pili, ambayo shaba yake inakadiriwa asilimia 96 na haitakiwi kupungua 94. Humo unatupwa waya wenye lehemu kidogo, wenye rangi, na mwembamba kuliko geji 16; ule mwembamba kama nywele, na ule uliopita motoni ukawa unakatika, hata humo hautakiwi. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunachukua daraja la kwanza na kulishusha chini ya la pili kwa mikono yetu, huku tukivuta moshi wa PVC, ile plastiki ya ganda, ambao una sumu ya dioksini. Moshi ule mama alikuwa na haki ya kuufokea.

Nikadhani nimeiva. Wiki ya pili ikaja mizigo ya nyaya za spika, nyekundu kila mahali. Nikapitisha sumaku, haikunasa. Nikajaza ndoo nzima, nikaiandika daraja la kwanza. Mzee akaiinua kwa mkono mmoja, akacheka. "Ile haiko shaba. Ni alumini inavaa shaba." Sumaku inakamata chuma tu, alumini inaipita bila salamu. Ilitakiwa nikwaruze kwa tupa au nitazame pale ulipokatwa, ndani kulikuwa kweupe. Hata mkono wangu ungenieleza, maana shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Tangu siku hiyo siamini rangi ya nje.

Na kinyume chake kipo, ndicho kinachoniuma zaidi. Nyumba za zamani zikivunjwa hutoa nyaya zenye ganda la mpira na kitambaa, na waya wenyewe ni mweupe kabisa. Ukiuona utaapa ni alumini. Ni shaba iliyopakwa bati (tin), kwa sababu salfa iliyokuwa kwenye mpira ilikuwa inaila shaba tupu. Ukwaruze kidogo, wekundu unatoka. Kwetu hauingii daraja la kwanza, lakini bei yake na ya alumini ni mbingu na ardhi.

Nyaya zenye ganda zinanunuliwa kwa kupima. Nakata ratli moja, yaani wakia kumi na sita, naichuna, napima kilichobaki. Zikitoka wakia kumi, mzigo wote ni shaba asilimia 62 na kitu. Taa za Krismasi, hizo usiniletee, ni plastiki yenye harufu ya shaba.

Wiki iliyopita mdogo wangu, ambaye naye sasa ananunua na kuuza skrepa, alinitumia picha WhatsApp. Rundo la nyaya nyeupe kutoka jengo fulani la zamani mjini, bado zina mabaki ya mpira mweusi. "Bro, hii silva kilo bei gani huko?" Nikamwambia achukue wembe akwaruze.

Dakika mbili baadaye ikaja picha ya pili, kidole chake kikionyesha mstari mwekundu kwenye waya. Chini yake ameandika: "Jana niliuza kilo arobaini."