Garden City, Kansas: kuhamia mji wa ofisi za kaunti

Treni ya Southwest Chief huondoka Chicago mchana, mara moja kwa siku. Nilipoipanda, ilivuka jimbo la Missouri usiku, na alfajiri nikashuka Garden City, magharibi ya jimbo la Kansas, Marekani. Hapo husimama kidogo tu, hivyo sogeza mabegi mlangoni mapema. Njia ile hupita pia treni za mizigo, na kuchelewa saa kadhaa ni jambo la kawaida. Anayekuja kukupokea aangalie kwanza kwenye simu treni imefika wapi.

Kutoka stesheni, katikati ya mji panafikika kwa miguu. Hapa ndipo makao makuu ya Kaunti ya Finney, moja kati ya kaunti 105 za Kansas, na hadhi hiyo ina uzito. Katika kaunti jirani ya Garfield, miji ya Ravanna na Eminence iligombea makao makuu miaka ya 1880. Baadaye ikabainika kwamba eneo la kaunti hiyo halifikii maili za mraba 432 zinazotakiwa kisheria. Kaunti ikafutwa, na mwaka 1893 ardhi ikaunganishwa na Finney. Miji yote miwili ilikufa.

Wageni wengi, wakiwemo Wasomali waliopitia kambi za Kenya na wanaojua Kiswahili, hufuata kazi ya kukata nyama kwenye kiwanda cha Holcomb, maili chache kutoka mjini. Zamu ya pili hutoka usiku. Bila gari utabaki kuomba lifti kila siku, kwa hiyo gari ndilo la kushughulikia mapema.

Anza na nyumba. Fungua akaunti ya maji na umeme kwa jina lako, liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, kwa kuwa bili hiyo ndiyo ushahidi wa makazi. Leseni ya udereva ya jimbo jingine ibadilishwe ndani ya siku 90 tangu kuhamia. Kisha gari: ofisi ya Mweka Hazina wa Kaunti iko jengo la utawala, Mtaa wa 9, siyo mahakamani Mtaa wa 8 ambako wengi hupanga foleni bure. Beba hati ya umiliki, bima na pesa za kodi ya mali, kwani kodi hulipwa hapo hapo pamoja na usajili. Hati ikiwa ya jimbo jingine, namba ya chasisi ikaguliwe kwanza na polisi wa barabara kuu au wakala wao. Kinachorudisha watu nyumbani ni kukosa karatasi hiyo ya ukaguzi, au sahihi ya muuzaji kwenye hati. Muuzaji akishahama, kumpata tena ni kazi kubwa.

Mahakama nayo ina shughuli yake: kibali cha ndoa hutolewa na karani wa mahakama ya wilaya, na sheria inataka kusubiri siku tatu. Wanaofunga ndoa Jumamosi waombe Jumanne.