ERA5 ni bure, lakini mvua yake imeandikwa kwa mita

Mnaotafuta data za mvua na joto za miaka mingi, msikwame kwa kukosa fedha. Hazina ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya, inayoendeshwa na ECMWF (kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa), inatoa bila malipo ERA5, yaani kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa kwa kuunganisha vipimo na modeli ya kompyuta: kila saa, tangu 1940, kwa miraba ya nyuzi 0.25, yaani kama kilomita 28 huku kwetu karibu na ikweta.

Fungua akaunti, kisha ukubali leseni ya data husika. Usipoikubali, ombi hukataliwa hata kama ufunguo wako (API key, msimbo wa siri wa akaunti yako) ni sahihi. Mipaka ya eneo unalotaka huandikwa kwa nyuzi: kaskazini, magharibi, kusini, mashariki. Tanzania nzima inaenea ndani ya -1, 29, -12, 41. Omba mwezi mmoja mmoja, maana maombi makubwa hukaa sana kwenye foleni.

Wengi huharibikiwa kwenye mvua. Iko kwa mita, hivyo zidisha kwa 1,000 upate milimita. Kila thamani ni jumla ya saa iliyotangulia, kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), na usiku wa manane wa Dar es Salaam ni 21:00 UTC. Kwa hiyo siku moja ya huku ni thamani za 22:00 UTC ya siku iliyotangulia hadi 21:00 UTC ya siku yenyewe. ERA5-Land, toleo la nchi kavu pekee, ni tofauti kabisa: hulimbikiza mvua kuanzia 00:00 UTC, ukizijumlisha tena unapata mafuriko ambayo hayakutokea!

Joto liko kwa kelvini, toa 273.15 upate selsiasi.

Kwa mvua ya wilaya moja tu, mimi ningeanza na CHIRPS, data nyingine ya mvua peke yake: nyuzi 0.05, tangu 1981, satelaiti na vituo vya ardhini kwa pamoja. Humo -9999 maana yake hakuna data.