Nililala Chali Sakafuni, Ndipo Nikajua Mwanangu Anaona Nini

Nianze na ushauri ulioniudhi, maana bila huo huenda kile chumba cha mtoto nilichokuwa nikikipamba nisingekimaliza. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Wifi yangu akanikuta nimezungukwa na maboksi, mikasi na mabaki ya vitambaa, akasema, "Wifi, mtoto mchanga haoni kitu. Nunua mapambo yaliyo tayari, bandika, pumzika." Nampenda wifi yangu, lakini siku ile maneno yake yalinikaa kooni.

Mtoto mchanga anaona. Haoni mbali, hilo kweli. Siku za mwanzo kinachomwelea zaidi ni kile kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni pake, karibu umbali wa uso wa mama anayemnyonyesha. Nyeusi na nyeupe zikikutana wazi zinamvuta, na rangi nyingine anazizoea kadiri miezi inavyokwenda. Kwa hiyo nilijiuliza mambo mawili tu: nimwekee nini, na nikiweke wapi.

La kwanza lilikuwa rahisi. Nilitaka wanyama wa hadithi zetu: sungura mjanja, fisi mwenye tamaa, kobe asiye na haraka. Hao ndio walionifundisha kusoma.

Sasa nieleze nilivyoharibu. Nilikuwa na boksi la vitabu vyangu vya utotoni, vingine vimeachia uti, kurasa zinadondoka. Nikaona hizo kurasa ndizo zitakazopamba ukuta. Nikapika gundi ya unga wa ngano, nikaipaka ukutani, nikabandika ukurasa mmoja mmoja, huu ukimpanda mwenzake kama magamba ya samaki. Kazi ya siku mbili, mgongo unauma, tumbo linanitangulia. Nilipomaliza nilikaa mlangoni nikautazama ule ukuta hadi giza likaingia.

Wiki ya kwanza palipendeza mno. Ya pili kurasa zikaanza kuvimba katikati. Ya tatu pembe zikajikunja, na asubuhi moja nikaona madoadoa ya kijivu yakitambaa kutoka chini. Ukungu. Nyuma ya ukuta ule ni bafu, unyevu haukauki, na gundi ya unga ni chakula: ukungu unaila, wadudu wanaila. Ilibidi nilowanishe kila kitu kwa sponji na kukwangua. Kulikuwa na picha ya kobe akivuka mto ambayo niliijua kabla sijajua herufi hata moja. Ilitoka vipande vipande mikononi mwangu, na nililia. Tafadhali, kitabu chako cha zamani usikibandike ukutani. Kitoe fotokopi, ukabandike hiyo, na kwanza ushike ukuta kwa kiganja asubuhi na mapema uone kama una unyevu.

Mume wangu akapaka ukuta rangi upya, madirisha wazi, mimi nikiwa mbali na harufu. Kitanda tukakihamishia upande mwingine.

Ukurasa mmoja ulikuwa umepona, wa sungura, kwa sababu uliangukia nyuma ya kabati. Huo ndio ulioniokoa. Mimi si mchoraji, lakini nina rula. Nilitoa fotokopi, nikaichora miraba ya sentimita 2 kila upande. Ukutani nikachora miraba ya sentimita 20 kwa chaki. Kisha nikawa nanakili mraba mmoja baada ya mwingine: mstari unaingia hapa, unatokea pale, basi. Siri yake ni kusahau kabisa kwamba unachora sungura. Ukianza kufikiria "hili ni sikio", mkono unachora sikio la kichwani mwako badala ya lile lililo mbele yako. Nilifika hadi kugeuza karatasi juu chini na kuutazama kila mraba kama ramani. Picha ya sentimita 12 ikawa sungura wa sentimita 120, masikio yake yanafika juu ya dirisha, na watu wanaoingia huniuliza nilimlipa nani. Tumia chaki, si penseli. Chaki inafutika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, penseli huonekana chini ya rangi nyepesi hata ufanyeje.

Halafu wale wa kuning'inia. Nilikata wanyama watano kwenye kadibodi ya maboksi, nikawavika vitambaa, nikadarizi macho, mikia, kucha. Nilikataa vifungo kabisa, kwa sababu uzi ukilegea kifungo kinaingia mdomoni. (Kipimo changu hadi leo ni bomba la kadibodi la karatasi ya chooni: kinachopenya humo hakikai karibu na mtoto.) Nikawafunga kwenye fito zinazoning'inia moja chini ya nyingine, kwa kuanza na ile ya chini, nikiusogeza uzi hadi fito itulie sawa, kisha nikipanda ya juu. Ukianza juu utarekebisha mpaka ujifungue. Nikatundika darini kwa ndoano, wakaelea. Kila aliyesimama mlangoni aliguna kwa kupendezwa.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikaingia chumbani, nikalala chali sakafuni pale ambapo mtoto angelala, nikatazama juu. Sikumwona kobe, wala fisi. Niliona mistari mitano myembamba ya kadibodi. Kudarizi kote kule kulikuwa kunautazama mlango! Nilikuwa nimewapamba wageni, mtoto nimemwekea kingo za boksi.

Nikawashusha wote. Nikawatengeneza upya wakiwa wamelala kifudifudi hewani, kila mmoja ameshikwa kwa nyuzi tatu badala ya moja, maana kwa uzi mmoja angepinda na kusimama wima tena. Mapambo yote yakahamia tumboni. Kobe nikampa miraba myeusi na myeupe, sungura michirizi, na nyuso zote zikatazama chini.

Wifi alipokuja nikamwomba alale sakafuni. Alinitazama kwa muda, akavua viatu, akalala. Akanyamaza. Kisha akasema, "Huyu fisi mbona hana madoa?" Akaomba sindano, na madoa yote ya fisi ni mkono wake. Tangu siku ile sikumsikia tena akisema mtoto haoni.

Kadi nyingine za nyeusi na nyeupe nilizibandika kando ya meza ya kubadilishia nepi, zikiwa karibu na uso wake. Pale ndipo alipotulia kuliko popote. Aliyekuwa akipiga kelele kila akivuliwa, akiona ile kadi ya jicho la kobe, anakodoa na kunyamaza hadi nimalize.

Kitandani kwenyewe sikuweka kitu. Nilishonewa mto wenye masikio ya sungura, mzuri sana, na unakaa kwenye kiti changu. Mtoto hulazwa chali, godoro gumu, shuka iliyobana, hakuna mto, blanketi lililolegea wala mdoli. Kuna aliyeniambia kitanda kitupu kinaonyesha umaskini. Sikumjibu. Miezi sita ya kwanza usiku alilala chumbani kwetu, kwenye kitanda chake, na kile chumba kikawa cha mchana, cha nepi na cha kusomewa. Juu ya kichwa chake sikutundika fremu yoyote, na kamba ya pazia niliifunga juu kabisa.

Rafu ya vitabu tuliitengeneza kwa mbao mbili, msasa ukapita hadi nikaweza kuzipapasa kwa shavu, ikafungwa ukutani kwa skrubu, chini kabisa, usawa wa magoti yangu. Vitabu vinakaa jalada likitazama mbele. Mtoto hajui kusoma uti wa kitabu, anachokijua ni picha. Nilimshonea pia kitabu cha kitambaa cha kurasa sita, hadithi ya kobe na mto nilivyoikumbuka, na kinafuliwa na nepi. Fedha? Mbao, rangi na ndoano. Haikufika hata robo ya yale mapambo niliyoambiwa ninunue.

Alipofikisha miezi minne na nusu alianza kujiinua kwa mikono. Siku hiyohiyo nikapanda kiti nikawashusha wanyama wangu, kwa sababu mtoto anayejiinua leo kesho anavuta nyuzi. Iliniuma, nakiri. Nikawakata nyuzi zote, nikawabandika juu ya mlango, mbali na mikono.

Sasa ana mwaka na miezi miwili. Jana alitambaa hadi kwenye rafu, akapita vitabu vyote vya rangi kali, akakivuta kile cha kitambaa. Akafungua penye mto. Akanyoosha kidole kwa kobe, kisha akainua uso akanyoosha kidole juu ya mlango.